Kiota Hakitajwi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, na bati la nyumba yetu limeonyesha papo hapo linapovuja: juu ya kitanda, upande wa mume wangu. Nimemwambia mvua nayo ina upendeleo. Amehamisha mto wake, akaweka beseni pale alipokuwa analaza kichwa.

Nimeanza daftari hili kwa sababu mvua zikianza, hapa getini hakuna wa kupiga naye soga isipokuwa yeye, na yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu aliyezoea kushinda ndani ya kinyago. Ukimuuliza jambo asubuhi, jibu unalipata mezani jioni, tena nusu.

Mimi ni mwangalizi wa Uwanda. Nyumba hii ya vyumba viwili ni ya Chama, ufunguo wa geti ni wa Chama, na darubini inayoning'inia shingoni mwangu ni ya Chama. Chama chenyewe ni cha nchi nzima, cha watu wanaolinda mapori na viumbe wake, na katika maeneo yote kinayoyamiliki, letu ndilo dogo kuliko mengine: nyasi fupi, uwanja wa kokoto, mteremko mmoja, bwawa, na njia ya zamani ya malori iliyoota majani. Wapita njia wengi hudhani ni kiwanja ambacho mwenyewe amekisahau. Mimi nimeishi hapa miaka tisa na bado sijamaliza kukitazama.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha tawi, katika chumba kilicho juu ya duka la mapazia. Duka ni la wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye tangu mwaka jana ndiye mwenyekiti wetu. Sikumpigia kura. Si kwa ubaya. Ni kwamba mdomo wake hauna breki. Mteja akiingia kununua pazia la bafuni, anatoka akijua nani kaachana na nani mtaa mzima.

Ajenda ya leo: makao makuu wanatuletea miche mia tatu ya miti. Ni kampeni ya nchi nzima, kila tawi na siku yake. Yetu ni Jumamosi ya tarehe 5 Aprili, na Katibu Mkuu wa Chama atakuja mwenyewe, na watoto wa shule watakuwepo. Nikauliza kama kuna mtu aliyewaambia makao makuu kwamba Uwanda ni uwanda kwa sababu hauna miti.

"Mama Geti," akasema Wifi (wote huniita hivyo, hata walionizidi umri), "wataka nimwambie Katibu Mkuu arudi na miche yake? Basi mpigie wewe. Namba hii hapa."

Nikatazama dirishani. Ikapitishwa kwamba miti ipandwe mteremkoni, pembeni kabisa, pale itakapoleta madhara kidogo.

Jumapili, 9 Machi

Mvua kutwa. Buti langu la kushoto linaingiza maji.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwona. Naandika nimesimama, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Nilikuwa natazama uwanja wa kokoto kwa darubini, bila kutafuta chochote, mara jiwe moja likafumbua jicho. Jicho kubwa, la manjano. Chekeamwezi. Ndiye ndege aliyechorwa kwenye beji zetu, na kwa misimu mitatu mfululizo hakuna aliyeripoti kiota chake hapa. Huyu hajengi. Anakwangua ardhi kidogo kwa miguu, anataga mayai mawili, kisha anayakalia akiamini kwamba haonekani. Na kweli haonekani, mpaka umtazame mara ya tatu. Aliposimama kumpisha mwenzake nikayaona mayai, yana madoa, rangi ileile ya kokoto.

Sasa naeleza, kwa ajili ya yeyote atakayelikuta daftari hili nikishakufa, kwa nini sikukimbia kumwambia mtu. Kanuni ya kwanza ya Chama iko nyuma ya kadi ya kila mwanachama: kiota hakitajwi. Ukikiona, unafunga mdomo mpaka makinda waruke. Humwambii mwenyekiti, humwambii mwanachama mwenzako, humwambii mumeo. Atakayekuwa wa kwanza kutaja anavuliwa kazi yoyote ya Chama aliyo nayo. Ilitungwa kabla sijajiunga, baada ya mtu mmoja kuwanong'oneza rafiki zake wawili habari ya kiota cha ndege huyuhuyu. Jumapili iliyofuata walikuja watu zaidi ya thelathini na chupa za chai, wapenda ndege wote hao, wakajipanga kwa adabu, wakatazama. Mama ndege hakurudi, na mayai yakapoa. Tangu hapo tumekuwa watu wa siri kuliko wezi.

Kanuni inakataza kutaja. Kuandika haikutajwa, na mwandiko wangu hata mimi mwenyewe hunishinda.

Nimepika huku naimba. Mume wangu ameuliza kulikoni. Nimemwambia chumvi imeshuka bei.

Alhamisi, 13 Machi

Kikao tena. Bado nina hasira, naandika na koti la mvua mwilini.

Wifi alifungua kikao kwa kusema kwamba amefikiri upya kuhusu mteremko. Eti udongo wake utateleza, watoto wataanguka, Katibu Mkuu ataanguka. "Tupande kokotoni," akasema. "Pako wazi, hapana kitu pale."

Miti mia tatu, watoto na majembe yao, juu ya ndege wangu. Nikasema kokoto itavunja majembe. Akasema ataazima sururu. Nikasema mche hauwezi kushika kwenye mawe. Akasema utashika, ameuliza. Nilijua tu: kokotoni ndipo magari yanapofika mpaka ndani, na mgeni hatachafua viatu, na picha zitatoka nzuri. Mtu wa mapazia anaona kila kitu kama dirisha la kupambwa.

Jumatatu, 17 Machi

Wanapokezana vizuri. Asubuhi mmoja, jioni mwingine. Yule wa jioni anapenda kuchelewa kidogo, kama mume wangu.

Alhamisi, 20 Machi

Nilijiandaa. Nilipopewa nafasi nikasema kokotoni nimeona nyoka.

Kosa. Hawa si watu wa kutishiwa nyoka. Fundi Saa, katibu wetu, ambaye hutengeneza saa na hasemi neno bila kulisafisha kwanza, akatoa kalamu akauliza alikuwa mrefu kiasi gani. Nesi, mweka hazina wetu, aliyestaafu hospitali lakini bado anamtazama kila mtu kana kwamba atampima joto, akauliza alikuwa na mistari au madoa. Wengine wawili wakaanza kupanga kuja kumtafuta Jumamosi. Ikabidi niseme kwamba nilipomtazama vizuri nilikuta ni mpira wa kumwagilia. Walinitazama kwa huzuni ya kweli.

Basi nikapendekeza bwawani. Nesi akaruka: watoto na maji, hapana, yeye ameona mengi kazini. Akapendekeza njia ya zamani ya malori. Fundi Saa akavua miwani, akasema njia ile ina historia. Historia gani, hakusema. Yeye akapendekeza turudi mteremkoni. Wifi akasema mteremkoni harudi mtu akiwa yeye ni mwenyekiti. Tulizunguka hivyo mpaka chai ikapoa, kila mtu akisukuma miti kwa mwenzake, watu wazima kumi na mmoja waliokuja kwa hiari yao.

Mwishowe zikapigwa kura. Kokoto ikashinda kwa sababu waliobaki walikuwa na njaa.

Ijumaa, 21 Machi

Sikulala vizuri. Nikisema, nimekuwa wa kwanza kutaja: ufunguo unaondoka, nyumba inaondoka, na pengine watazamaji wanakuja na chupa za chai. Nisiposema, tarehe 5 wanakuja na sururu. Nimejaribu kumuuliza mume wangu kwa mbali, kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Nikamwuliza, mtu akiapa kunyamaza, halafu kunyamaza kukaleta hasara, afanye nini? Alilitafuna swali hilo mpaka jioni. Kisha akasema, "Inategemea hasara ni ya nani." Halafu akaenda kumwaga beseni.

Jumatano, 26 Machi

Mvua kubwa. Nilitazama kwa darubini kupitia dirisha la jikoni. Alikuwa amekaa vilevile, maji yakimtiririka mgongoni, macho wazi. Nilimwonea fahari kana kwamba ni mimi niliyemfundisha.

Alhamisi, 27 Machi

Kikao kifupi. Wifi alisoma ajenda, akauliza kama kuna swali, akafunga. Hakumsengenya mtu hata mmoja. Nilimwambia mume wangu kwamba dada yake leo kanyamaza. Akaweka kijiko chini.

"Kanyamaza vipi?"

"Kanyamaza tu. Kama mtu mwenye kitu mdomoni."

"Ana homa," akasema, akaondoka na baiskeli kwenda kumwona kwenye mvua ile. Alirudi akisema hana homa, ila kamhudumia chai bila kumwambia habari ya mtu yeyote, na yeye hakujua aseme nini, wakakaa wakisikiliza friji.

Jumapili, 30 Machi

Leo nimegombana na Wifi.

Nilikuwa nazunguka uzio upande wa mteremko, nikamwona mtu amechuchumaa na mwavuli. Ni yeye, na viatu vyake vya dukani. Nilidhani anapima mahali pa kuweka mahema ya wageni. Aliponiona alisimama haraka, akanijia mbio mpaka nusu ya njia, akanishika mkono akanigeuza.

"Wifi, twende getini, baridi itakuua."

"Mimi na baridi tunafahamiana. Unafanya nini huku?"

"Natembea. Mwenyekiti haruhusiwi kutembea?"

"Unatembea umechuchumaa?"

Akasema nina maneno. Nikasema yeye ndiye aliyezaliwa nayo yote, mimi yangu ni masalio. Akaniambia nirudi kwenye geti langu. Nikamwambia arudi kwenye mapazia yake, na kwamba kokoto ile anayoitaka kwa ajili ya picha ina thamani kuliko duka lake na ghorofa ya juu yake. Uso wake ukabadilika. Alifungua mdomo, akaufunga. Nimemjua mwanamke huyu tangu niolewe na sijawahi kuona mdomo ule ukifungwa ukiwa njiani.

Nilihuzunika kidogo baadaye. Kidogo.

Jumanne, 1 Aprili

Vimeletwa vigingi na mfuko wa chokaa wa kuchorea mashimo. Mchimbaji anakuja Ijumaa asubuhi. Nimevifungia stoo, na ufunguo wa stoo umepotea. Umepotea ndani ya soksi yangu.

Alhamisi, 3 Aprili

Nitaandika yote, hata kama mshumaa utaisha, maana umeme umekatika.

Nilikwenda kikaoni na ufunguo wa geti mfukoni. Njia nzima nilikuwa naupapasa. Nilikuwa nimeshamwambia mume wangu aanze kuulizia chumba mjini. Aliuliza kwa nini. Nikasema bati linavuja. Alinitazama sana, kwa sababu bati linavuja upande wake.

Wifi akafungua kikao. Ajenda ya kwanza ilikuwa mchimbaji wa kesho. Nikanyoosha mkono, lakini sikungoja kupewa nafasi. Nilisimama. 

"Kokotoni kuna kiota," nikasema. "Cha chekeamwezi. Mayai mawili. Nimekitaja, na nimekuwa wa kwanza, najua." Nikaweka ufunguo wa geti mezani, juu ya kitambaa chake cha maua.

Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Nilimtazama Wifi, nikijua sasa atasema, na kesho mji mzima utasema, na Jumapili watakuja na chupa za chai. Yeye alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili.

"Tangu lini?" akauliza.

"Wiki tatu."

"Wiki tatu," akasema. Akakaa chini polepole. "Mungu wangu. Wifi, nilikuwa nawapeleka kwako ili wasije kwangu."

Sikumwelewa.

"Mteremkoni," akasema. "Ninaye mteremkoni. Siku moja baada ya kikao cha kwanza nilikuwa natafuta mahali pa kusimamisha bango, karibu nimkanyage juu ya mayai yake. Ndiyo maana nikahamisha miti. Nikajua kokotoni hapana kitu." Akafunika uso. Mabega yalikuwa yanatikisika, na mpaka sasa sijui kama alikuwa analia au anacheka. Nadhani vyote viwili.

Hapo Nesi akakohoa, kile kikohozi cha kuingia wodini. "Bwawani msiende," akasema. "Upande wa matete. Ninao wawili wanapokezana."

Tukageuka wote kumtazama Fundi Saa, kwa kuwa alikuwa ameanza kusafisha miwani ambayo ilikuwa safi.

"Njia ya zamani," akasema. "Katikati ya alama za matairi. Nilidhani mmeshaniona jinsi ninavyozunguka."

"Ndiyo ile historia?" nikamwuliza.

"Ndiyo hiyo."

Viota vinne. Taarifa ya Chama ya mwaka jana inasema Uwanda una jozi moja, na kwamba pengine imehama. Jozi nne, na sisi wanne tumekaa mezani Alhamisi kwa Alhamisi, kila mmoja akilinda mayai yake kwa kurusha miti juu ya mayai ya mwenzake, bila kuvunja kanuni hata nukta. Tungewamaliza kwa adabu zetu. Nilipolifikiri hilo nikakaa.

Kisha vicheko vikaanza. Sijui nani alianza, labda dada mmoja anayefanya kazi maktaba, ambaye hakuwa na kiota na alikuwa amepiga kura kwa njaa. Tulicheka mpaka Nesi akalazimika kufungua kitufe cha koti. Fundi Saa alipopata pumzi akauliza, kama katibu, aandike nini kwenye kumbukumbu za kikao.

"Andika tumeahirisha kwa sababu ya mvua," akasema Wifi. Akauchukua ufunguo kwa ncha za vidole, akanisukumia. "Na huu uondoe, unachafua kitambaa changu."

Tulirudi pamoja mpaka kona, chini ya mwavuli mmoja. Nilimwambia nilidhani anatafuta picha nzuri. Akasema yeye alidhani mimi nina wivu wa uenyekiti. Nikamwambia wivu nao ulikuwepo, kidogo. Nikamwuliza alifanyaje kunyamaza muda wote ule, yeye. Akasema hata mdogo wake, yaani mume wangu, hakumwambia, hata mito ya kitandani hakuiambia, na kwamba amekonda. Hajakonda. Lakini mimi ndiye niliyejiona nina siri, na mimi ndiye niliyetaja kwanza.

Jumamosi, 5 Aprili

Katibu Mkuu alifika asubuhi na gari la miche nyuma yake. Ni mama mrefu, suruali imepigwa pasi, anatembea kama mtu aliyezoea kutembea porini na si zuliani. Watoto walikuwa wamejipanga getini, wenye majembe na wasio na majembe. Tawi zima lilisimama mbele ya geti lililofungwa, na mimi nimeushika ufunguo.

Wifi akatangulia. "Karibu sana, Katibu Mkuu. Leo hapa hapapandwi mti. Na sababu siwezi kukwambia."

Katibu Mkuu akamtazama. Akanitazama mimi, akamtazama Nesi aliyekuwa anachunguza mawingu, na Fundi Saa aliyekuwa anachunguza saa.

"Ni sababu ambayo mimi siwezi kuambiwa?"

"Wewe hasa."

"Basi sijauliza," akasema. Akatazama juu ya geti, kule uwandani, kwa muda, nyasi zikiwa zimeloa na hapana kitu kinachoonekana. Kisha akawageukia watoto kwa sauti ya furaha, akawaambia kwamba kila mmoja atachukua mche wake akaupande nyumbani, na atakayeukausha atajibu kwake. Watoto wakashangilia. Miche iliyobaki tuliipanda nje, kando ya ukuta wa kiwanda cha matofali, ambapo kwa kweli palihitaji kivuli. Meneja wa kiwanda alitoka akatushukuru. Hakuna aliyemwambia kwamba ni bahati tu.

Jumatano, 9 Aprili

Wameanguliwa. Wawili. Wana miguu mirefu kuliko mwili.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua ya usiku imepandisha bwawa. Asubuhi Nesi alikuja getini bila mwavuli, nikajua kabla hajasema. Matete yote yamefunikwa. Tulikaa jikoni, Wifi akaja, Fundi Saa akafunga duka akaja, na mume wangu, ambaye hajui lolote, akatengeneza chai akatoka nje. Nesi alilia kama mtu aliyefiwa, na hakuna aliyemwambia ni ndege tu.

Baadaye alisema kitu ambacho nakifikiri bado. Kwamba mwaka juzi alipoteza kiota vivyo hivyo, akaenda kikaoni, akasoma mapato na matumizi, akarudi nyumbani. Hakuwa na wa kumwambia. Nami nilikumbuka kwamba nilikuwa nimekaa karibu naye siku ile, na nilidhani ana mafua.

Jumamosi, 26 Aprili

Jua. Wifi amekuja saa tatu asubuhi na viatu sahihi. "Twende," akasema. Nilijua anamaanisha nini, na nilisita, maana hata sasa hilo si jambo la kawaida kwetu. Mtu anaweza kukuonyesha akiba yake kabla ya kukuonyesha kiota chake.

Tulilala kifudifudi kwenye nyasi za mteremko, mbali, tukipokezana darubini. Makinda wake wawili walikuwa wanamfuata baba yao, wakisimama anaposimama. Nilisubiri Wifi aseme neno. Alilala pale na kidevu kwenye mikono, sketi imeloa, hakusema chochote, na tulikaa hivyo mpaka jua likatuchoma shingo. Nimefurahi leo kuliko siku nyingi.

Jumanne, 6 Mei

Mume wangu ameziba bati. Kisha limeanza kuvuja upande wangu.

Jumatano, 21 Mei

Jozi ya Nesi imetaga tena, juu zaidi, mbali na maji. Ametuambia. Ametuambia jikoni kwangu, kwa sauti ya chini, mlango umefungwa, na tukaapa upya sote wanne. Kanuni ni ileile, ila sasa ina meza.

Jumatano, 28 Mei

Wangu wameruka. Walianguka mara mbili kwanza. Wa mteremkoni waliruka juzi, wa njia ya zamani leo asubuhi. Sasa inaruhusiwa, na kila mwenye kiota ametuma taarifa yake makao makuu kama inavyotakiwa, ukiacha Nesi, ambaye bado amefunga mdomo na macho yake yanacheka.

Jumamosi, 31 Mei

Kikao cha kufunga msimu. Katibu Mkuu amekuja bila kualikwa. Alikaa mwisho wa meza, akanywa kikombe cha kwanza cha chai akisikiliza mapato na matumizi. Kisha akatoa karatasi tatu.

Alianza kwa kutupongeza. Jozi tatu mahali palipoandikwa moja: makao makuu hawajapata habari kama hiyo mwaka huu wote, na Uwanda hautapelekewa mti mwingine maadamu yeye yupo. Watu walipiga makofi. Yeye hakupiga.

"Nina swali moja tu," akasema. "Nimesoma taarifa tatu, za watu watatu. Zote zimeandikwa siku moja. Hakuna hata mmoja wenu anayeshangaa jozi za wenzake. Na mwezi wa nne mlinifungia geti wote kwa pamoja, kama watu waliokwisha kukubaliana." Akaziweka karatasi chini, akazinyoosha. "Kanuni iko wazi. Nani alikuwa wa kwanza kutaja?"

Niliutazama ufunguo wangu. Nilikuwa nimeishi na jambo hilo wiki nane. Nyumba, na bati lake, na dirisha la jikoni ninapoionea kokoto, sikutaka kuviacha, lakini swali lilikuwa limeulizwa na jibu lake lilikuwa mimi. Nikavuta pumzi, nikaegemea meza ninyanyuke.

Buti likanikanyaga kidole gumba chini ya meza. Kwa nguvu.

Wifi alikuwa anamtazama Katibu Mkuu kwa uso mtulivu kabisa, ule anaowapa wateja wanaoomba kupunguziwa. Nesi alikuwa anahesabu vijiko. Fundi Saa alikuwa ameweka kalamu chini, jambo ambalo katibu hafanyi kamwe kikaoni. Dada wa maktaba alikuwa anasoma maandishi ya pakiti ya majani ya chai. Watu kumi na mmoja, na hakuna aliyekuwa anajua kitu.

Katibu Mkuu alitupitia kwa macho mmoja mmoja, akarudi kwa Wifi, akakaa hapo muda mrefu kuliko kwa wengine. Wifi, ambaye hajawahi kuacha kimya kipite bila kukijaza, alikiacha kikapita.

"Naona," akasema Katibu Mkuu mwishowe. Akazikunja zile karatasi, akasogeza kikombe chake ajaziwe tena.

Mguu wa Wifi haukuondoka juu ya wangu mpaka chai ilipokwisha.